Mlango wa Mbele wa Kushoto

Watu wa mtaa wetu wa Bel-Air walimjua kwa mlango ambao motoka yake haikuwa nao. Ukiuliza nyumba ya Shefu, mtu hakutajii avenyu wala namba. Anakuambia tu, "Kwa ile motoka ya bila mulango," na unafika.

Motoka yenyewe ilikuwa ya zamani, ya Wafaransa, ndefu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na nyuma ilikuwa na vipembe viwili vilivyosimama kama masikio ya mbuzi aliyeshtuka. Ilikuwa na siti zake, vioo vyake, taa zake nne zinazowaka. Kilichokosekana ni mlango mmoja tu, wa mbele, upande wa kushoto, upande wa dereva. Niliuhesabu mara mbili ule mlango usiokuwepo, kwa sababu mimi nauza vipuri vya mitumba, na kazi hiyo inakufundisha kutoamini hata kitu ambacho hakipo.

Tulimwita Shefu kwa kuwa alikuwa shefu wa atelye kwenye reli, msimamizi wa karakana ya mafundi wa vichwa vya gari moshi. Alistaafu yeye, ushefu ukakataa kustaafu. Saa moja kamili asubuhi alitoka ndani amevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, mstari wa mguuni umesimama kama wa suruali ya harusi. Alipiga hatua kumi na nne hadi kwenye banda la mabati ilimokaa motoka, akangoja. Mkewe alikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya karibu na jiko. Alikigonga mara mbili kwa nyundo: ngo, ngo. Hapo ndipo kazi inaanza. Saa nne chai na mkate. Saa sita, ngo, ngo, watu wakale.

Siku moja mama huyo alikuwa anachagua maharage, akasahau. Shefu alisimama mbele ya injini, ufunguo wa bulo, yaani spana ya boliti, mkononi, haufanyi kitu.

"Mama, kengele."

"Saa si uko nayo ku mukono? Fungula tu hiyo bulo yako."

"Bila kengele hakuna kazi."

"Basi kaa."

Akakaa. Dakika tisa nzima alikaa kwenye benchi akitazama motoka, mpaka maharage yalipokwisha kuchaguliwa. Nilikuwepo, nimeleta kabureta, na nilikuwa na haraka zangu. Hazikumhusu.

Wengine hutengeneza motoka kwa mafundi. Yeye alitengeneza kwa watu wa nyumba yake. Aliikuta imekaa kwenye majani nyuma ya parsele, kiwanja cha mtu, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma, akaivuta hadi kwake, akawakusanya wote na kugawa kazi kama kwenye atelye. Mkewe alipewa siti, kwa sababu anajua kushona, na breki, kwa sababu, alisema Shefu, hakuna mwingine aliyewahi kumsimamisha yeye. Binti mdogo, ambaye baadaye alikwenda kusoma sheria chuoni Kasapa, alipewa nyaya za umeme. Binti mkubwa alipewa milango, vitasa na vioo. Shefu mwenyewe alibaki na injini.

Na kulikuwa na kanuni moja, ameitoa kwenye reli. "Ule alifungula, njo atafunga." Aliyefungua ndiye atakayefunga, maana ndiye anayekijua kitu: bulo ipi ilikuwa ngumu, ipi ilikuwa imelegea, kipande gani kilikuwa kimekaa upande. Kwa hiyo kila bulo iliyotoka iliingia katika mkebe wa maziwa ya unga wenye jina la aliyeitoa, limeandikwa kwa rangi nyekundu, na mtu mwingine haufungui. Mikebe ilikuwa arobaini na mmoja, imepangwa kwenye rafu za mbao. Nilipata ruhusa ya kuhesabu vilivyomo ili nijue cha kumtafutia sokoni. Nilihesabu mikebe arobaini. Ule mmoja, ulioandikwa jina la binti mkubwa na maneno "mulango, mbele, kushoto", Shefu aliuondoa chini ya mkono wangu.

"Huu hapana."

"Shefu, nitajuaje kama kuna kitu kinapungua?"

"Weye haitakupungukia kitu."

Mimi ni mtu wa kubishana bei. Nimebishana na Wakongo, na Wazambia, na padri mmoja aliyetaka betri. Shefu hakuwahi kubishana. Nikitaja bei ya kuanzia, alikuwa anatikisa kichwa polepole, anatazama chini, midomo inatembea kimya. Kisha anataja ile bei ambayo tungefikia baada ya robo saa ya kelele, hasa ileile, na kuongeza, "Hayo mengine yote ungalisema, nilishayasikia." Nilitaka kukasirika. Lakini ukikutana na mtu anayekupa robo saa yako mkononi, utamkasirikia kwa lipi? Nilianza kuitumia hiyo robo saa kukaa kwenye benchi lake. Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza, ikiwa ule ulikuwa urafiki. Uliendelea miaka kumi na mmoja.

Alikuwa na maneno yake. "Chuma iko na haya," alisema. "Ukiitukana mbele ya bantu, itakataa." Bulo iliyoganda alikuwa anaipaka mafuta, anaifunika kwa kiganja kama mtu anayempasha mtoto moto, anaisubiri siku mbili. Lakini kuku wa jirani wakiingia bandani aliwatukana kwa Kifaransa cha ofisini, kwa sauti, mbele ya watu. Kwa bulo alikuwa na subira ya siku mbili, kwa mahubiri ya padri hakuwa na subira ya robo saa: alikaa kwenye benchi la mwisho la kanisa, karibu na mlango, akitazama saa. Na simu hakuitaka kabisa. Aliamini kwamba mwenye jambo la maana atakuja mwenyewe kwa miguu yake.

Imani hiyo ndiyo iliyomgharimu binti yake mkubwa.

Nitalisema sawasawa, maana pale mtaani linasimuliwa vibaya. Wanasema Shefu alimkataa mkwe kwa sababu alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini na wa kanisa lingine. Uongo. Alikuwa amekwisha kubali. Kijana alikuwa mfanyabiashara wa jumla mwenye kamyon mbili za mizigo na duka kule Sakania, mpakani, na Shefu alimpenda kwa sababu aliwahi kusikia injini ya kamyon ikikohoa akataja ugonjwa wake bila kuinua boneti.

Watu wa posa walisema watakuja saa nane. Walikuja saa tano. Kijana, mjomba wake, wazee wawili, vitambaa vya vikwembe vimekunjwa vizuri, na mbuzi. Saa hiyo Shefu alikuwa anafunga kilasi, yaani kichwa cha injini. Kilasi hufungwa kwa zamu: bulo hii kidogo, ile ya ng'ambo kidogo, unazunguka zote, unarudia, mara tatu. Ukiacha katikati, chuma kinapinda, na miezi yote ya kazi imekwenda. Aliwasalimu kutoka palepale bila kuwapa mkono, kwa sababu ya mafuta. Akawaonyesha benchi.

"Nusu saa," alisema.

Nusu saa moja ikawa mbili. Hakuwa na dharau. Alifikiri kwamba kati ya wageni wote wa dunia, watu wa kamyon ndio wangeelewa. Kijana naye, akitaka kumfurahisha baba mkwe, akachukua ufunguo wa kumi na tatu na kuinama kwenye injini. Shefu akautoa mkononi mwake, mbele ya mjomba, mbele ya wazee, akaurudisha kwenye ubao wake. "Hapana. Ule alifungula, njo atafunga."

Mjomba akasimama. "Kwetu mgeni hangojeshwi kama mzigo, wala hanyang'anywi kitu mkononi." Wakaondoka, pamoja na mbuzi.

Shefu alipomaliza zamu ya tatu na kunawa mikono kwa sabuni na mchanga, benchi lilikuwa tupu. Binti mkubwa alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko, amevaa nguo yake mpya.

"Papa, balishaenda."

"Batarudia. Kilasi habaiachake katikati."

"Na mutoto, banamuachaka katikati?"

Baada ya wiki mbili binti alikwenda Sakania, mchana, watu wote wanaona, na begi moja. Mlango aliokuwa ameufungua ulikuwa umeegemea ukuta, unangoja rangi.

Hawakurudi watu wa posa, na Shefu hakutuma neno. Binti mdogo ndiye aliyekwenda na kurudi na habari: wameoana kwa kanisa la mume, mtoto amezaliwa, mtoto wa pili amezaliwa. Shefu alisikiliza huku anasugua kitu. Aliupaka mlango rangi. Kisha, badala ya kuuweka bandani, aliuzungushia kikwembe cha mkewe na kuuingiza chumbani, ukutani, upande wake wa kitanda.

"Tunalalaka batatu," mkewe aliniambia. "Mume, mulango, na miye. Mulango njo haukoromi."

Motoka ilimalizika, ikaendeshwa hivyohivyo, kamba imefungwa pale mlango ungekuwa. Mvua ikinyesha, Shefu alivaa koti la mvua ndani ya motoka. Askari wa barabarani mara ya kwanza alimsimamisha, akainama, akachungulia hewa.

"Papa, mulango iko wapi?"

"Iko njiani. Inakuya."

Mwaka wa pili askari aliuliza tena, mwaka wa tatu akawa anauliza kwa kupunga mkono tu: "Inakuya?" Na Shefu anapunga: "Inakuya." Kila Jumamosi, kazi ikiisha, aliushusha ule mkebe wa binti mkubwa, akautikisa mara moja karibu na sikio, akaurudisha. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Mkewe alikuwa anageuza uso kila alipomwona.

Hapa sasa niseme kosa langu.

Mwaka wa nne tangu binti aondoke nilipata mlango. Si ule wa chumbani. Mwingine, wa motoka ya aina hiyohiyo, wa kijani, umetoka kwa mtu wa Likasi. Mimi ni mtu wa kuona kitu kinapungua na kukitafuta. Nilifikiri Shefu anaona haya kuugusa ule wa binti, basi huu utamtoa kwenye aibu. Jumapili, wao wakiwa misani, nikaingia na ufunguo wangu na bulo zangu sita, nikaufunga. Ulikaa vizuri sana. Nikajisimamisha kando yake kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Shefu alifika amevaa suti. Akaona. Aliingia ndani, na nilipokuwa nawaza atatoka na bia, akatoka amevaa ovaroli. Siku ya Jumapili, mtu ambaye Jumapili hakugusa hata bisibisi. Akaleta mkebe mtupu, akaushika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Weye njo ulifunga," akasema. "Fungula."

Nikafungua bulo sita, moja moja, na kila moja ilipoanguka mkebeni alisema namba yake kwa sauti ya chini. Mkewe alisimama mlangoni na kofia yake ya kanisani.

"Mutoto wa soko," aliniambia, "huu mulango wako ukibakia, ule mutoto wangu atarudia kufanya nini?"

Halafu akanipa chai. Na Shefu, akininyang'anya mkate kidogo, akasema ile rangi ya kijani, kwa kweli, ilikuwa mbaya.

Mwaka wa sita mikono yake ilianza kutetemeka. Kwanza alificha, alikuwa anaweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia kama anafikiri. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kiangazi cha kwetu imeshika mabati, alikuwa anarudisha bulo moja ndogo ya injini, yake mwenyewe, na ikamwanguka. Akaiokota. Ikaanguka. Akaiokota. Mara ya tatu ikabiringika hadi kwenye kiatu changu, nami nikaiokota na kumwekea kiganjani, maana kuirudisha mahali pake nilikuwa sina haki. Aliitazama muda mrefu. Kama mikono ya Shefu ilikuwa inakwenda, basi na kanuni yake ilikuwa na siku za kuhesabu: hakuna ambaye angeishika yeye akiondoka, na ule mlango ungelala chumbani na mjane.

"Mama," akaita.

"Nini?"

"Ule mulango hautakuya. Tuupeleke."

Mkewe alikuwa na nyundo mkononi; ilikuwa karibu saa nne. Hakugonga. Aliingia ndani kuvaa viatu.

Tuliondoka kesho yake alfajiri. Binti mdogo ndiye aliyeendesha, kamba imempita kifuani, skafu mbili shingoni. Shefu alikaa kando yake na mkebe magotini. Mimi na mama nyuma, na mlango juu ya paa, ndani ya kikwembe chake, umefungwa kwa kamba nane. Nilifunga mimi, kwa hiyo nilijua nani angezifungua. Lami ilipoisha, udongo mwekundu uliingia kupitia pale pasipo na mlango, ukatupaka wote rangi moja. Kwenye kila baryeri, kizuizi cha barabarani, askari walituuliza mlango uko wapi, na kwa mara ya kwanza Shefu alinyoosha kidole juu.

"Ule pale."

Sakania tulifika jua limeinama kidogo. Duka lilikuwa karibu na reli, ua mkubwa, magunia ya mahindi yamepangwa ukutani, na katikati kamyon moja imeinuliwa juu ya magogo. Chini ya kamyon ilitoka miguu miwili. Binti mkubwa akatoka dukani, mtoto mgongoni, funguo za duka zikining'inia kiunoni. Aliiona motoka kabla ya kutuona sisi. Aliona kamba.

"Papa."

"Mama," akasema Shefu. Kwetu baba humwita binti yake hivyo.

Hawakukaribiana. Binti akainamia kamyon. "Baba wa batoto, toka. Papa amefika."

Kutoka chini: "Papa wa nani?"

"Wangu."

Sauti ikasema, kwa adabu, "Nakuya. Nimebakisha bulo tatu tu, nikiacha hapa gurudumu itapinda."

Binti alifumba macho. Nilimwona anavyotaka ardhi impe mlango. Mama mtu akaanza kusema kitu, lakini Shefu alikuwa amekwisha kuvuta gunia, akakaa juu yake, mkebe magotini.

"Mumuache," akasema. "Habaachake katikati."

Tuliketi. Dakika arobaini na saba. Mimi nauza bulo, najua: bulo tatu hazichukui dakika arobaini na saba. Mpaka leo sijui kama uliokuwa mgumu pale ni uzi wa bulo au moyo wa mtu, na sikuuliza. Shefu hakutazama saa hata mara moja.

Mkwe alipotoka, mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, akaificha nyuma. Shefu akainuka, akauvuta mkono mmoja kutoka nyuma ya mgongo, akaushika na mafuta yake yote. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa kumi na tatu, uleule, akamwekea kiganjani.

"Ile siku nilikunyang'anya huu ku mukono. Nilikosa. Leo funga weye."

Kijana akautazama ufunguo, akamtazama mkewe.

"Baba, mimi sikuufungua ule mlango," akasema taratibu. "Aliyeufungua ni huyu."

Miaka sita alikuwa amelibeba neno hilo, akalirudisha bila mkwaruzo.

Binti akamkabidhi mama yake mtoto. Akapokea ufunguo, akapokea mkebe. Kifuniko kilikuwa kimeshika. Akakipiga kwa kiganja, kikatoka. Ndipo nami, kwa mara ya kwanza, nikapata kuchungulia ndani. Nikahesabu: tano. Nikahesabu tena: tano. Bawaba mbili, kila bawaba bulo tatu.

"Shefu," nikasema, "moja imepotea. Lakini miye niko na—"

"Nyamaza, weye wa soko. Haikupotea." Hakuwa ananitazama mimi. "Ile siku alienda, nilitikisa mukebe. Nilisikia tano."

Binti alisimama kidogo. Kisha akashika zile funguo za duka kiunoni, akazichambua moja moja, na katikati yake, imefungwa kwa uzi mweusi, ilikuwepo bulo. Imeng'aa kama pete, kwa kushikwashikwa. Akaukata uzi kwa meno.

"Nilisema, kama niko nayo moja, hawataweza kuufunga bila miye."

"Hatukuweza," akasema Shefu.

Nikazifungua kamba zangu nane, mume akaubeba mlango na kuuweka sawa. Binti akapiga magoti kwenye vumbi, ufunguo tayari, lakini hakuanza. Aliinua kichwa kumtazama mama yake. Mama mtu, mjukuu mkononi, akaokota chuma chini, akagonga ringi ya kamyon: ngo, ngo.

Binti alifunga kidogo huku, kidogo kule, akizunguka, mara tatu. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza, Shefu akafungua ule mlango, akaingia, akakaa nyuma ya usukani, akaufunga. Ulifunga kwa sauti nzito, nzuri. Akaufungua. Akaufunga tena. Halafu akashika kile kitasa kidogo, akazungusha kwa ile mikono inayotetemeka, na kioo kikapanda polepole mpaka juu.

Nyuma ya kioo niliona mabega yake: Shefu alikuwa analia. Binti alisimama nje, kiganja kwenye mlango, hajaufungua.

Mimi nikageukia ukuta nikahesabu magunia ya mahindi. Yalikuwa thelathini na mawili. Nikayahesabu tena, polepole zaidi, ili Shefu apate muda.